Mikono ya Awuor wa Namakwekwe

Ukifika Namakwekwe, hapa Mbale nchini Uganda, asubuhi utawakuta waendesha bodaboda wamekaa juu ya pikipiki zao mbele ya kibanda changu cha chai, kila mmoja akikuita kabla hujasema unakwenda wapi. Kati yao mwanamke ni mmoja tu, na yeye haiti mtu. Hukaa kimya, kofia yake ngumu ameipakata mapajani, na bado akina mama wenye mizigo huwapita wengine wote mpaka wamfikie. Huyo ndiye Awuor.

Mimi naitwa Nicanor. Ni Mkenya kama yeye, ila kwetu ni Busia na kwao ni Ugenya, na tulijuana huku ugenini. Alikuja Mbale kwa ndoa. Mumewe, Masinde, ni seremala, Mbukusu, na Mbukusu akifika Mbale hajioni mgeni sana kwa sababu lugha yake na ya Wagisu, wenyeji wa hapa, ni ndugu. Mgeni alikuwa Awuor. Alikuwa na Kiswahili chake tu, na Kiswahili huku, kwa wazee wengi, bado kinanuka buti za askari waliokitumia kuwaamrisha. Siku za mwanzo akimsemesha mama wa sokoni, mama huyo alimtazama kwanza nyuma, kama vile kuna bunduki inamfuata. Awuor hakukasirika. Alijifunza kusema "Mulembe" na salamu nyingine mbili tatu za Kigisu, akawa anaanza na hizo, kisha anaingiza Kiswahili polepole kama mtu anayeingiza mguu kwenye maji ya baridi.

Pikipiki aliijua tangu utotoni. Baba yake alikuwa fundi, na binti alikua akichezea spana. Alipochoka kuuza ndala za plastiki chini ya jua alimwambia Masinde kwamba anataka kuingia steji, kituo chetu cha bodaboda. Masinde alifikiri siku kadhaa, akauliza swali moja tu: "Utavaa kofia?" Akasema atavaa. Yakaisha.

Uendeshaji wake ulikuwa wa kusifika. Hakupita mashimo kwa kuyarukia, aliyazunguka. Kwenye barabara ya kupanda mlima Wanale, ambayo ina kona na kokoto zinazosombwa na mvua, alijua mahali pa kupunguza mwendo kabla abiria hajaanza kumng'ang'ania kiunoni. Wakulima wa kule juu, wanaoteremsha vitunguu na kabichi, walimpigia simu yeye. Wa kwanza wao alikuwa Mama Topista, mjane mnene mwenye sauti ya kuamrisha, ambaye alikuwa anasema hadharani kwamba vitunguu vyake havishuki na mwanamume tena.

Dalili za kwanza niliziona mimi kwa sababu nilikuwa namwandalia chai. Awuor akishuka kwenye pikipiki alikuwa anakung'uta mikono, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto bila kitambaa. Mara ya kwanza hukumbuki jambo kama hilo. Mara ya kumi unalitazama. Halafu siku moja nilimpa chapati, nikamwona anajaribu kuikata kwa vidole, vidole haviikati. Akaikunja mkononi akaiuma nzima, akidhani sikuona.

"Dada, mkono una nini?"

"Ganzi. Upepo wa mlimani umeniingia."

Jibu hilo hata mimi lilinitosha, kwa kuwa ndilo jibu la steji nzima. Kila mwendeshaji ana dawa yake ya upepo. Mmoja hujipaka mafuta ya pilipili, mwingine hufunga kitambaa kwenye kifundo cha mkono, akakaza mpaka vidole vinavimba. Awuor naye alikifunga. Akanunua na glavu za ngozi za mtumba, zinambana, kwa sababu alifikiri zikibana zitazuia baridi. Ganzi ikazidi. Ilimshika kidole gumba, cha shahada na cha kati, mkono wa kulia kuliko wa kushoto, na usingizini ikamwamsha ikichoma kama upupu. Hayo ya usingizini alikuja kuniambia baadaye, na Masinde alithibitisha: mkewe alikuwa anaamka anakung'uta mikono kitandani kama ndege aliyeloa.

Ajali ilitokea msimu wa mvua, asubuhi, kwenye mteremko wa Wanale. Nyuma alikuwa Mama Topista, na nyuma ya Mama Topista gunia la vitunguu. Kona moja kabla ya nyumba za chini, mbuzi aliingia barabarani. Awuor aliviamuru vidole vya kulia vikaze breki. Vidole havikuja. Aliniambia, "Nilivitazama, Nicanor. Vilikuwa pale juu ya chuma kama vidole vya mtu mwingine." Akakanyaga breki ya mguu, tairi la nyuma likafunga na kuanza kuteleza juu ya kokoto. Upande wa kushoto palikuwa na bonde, na upande wa kulia ukuta wa udongo. Alikuwa na nafasi ya kuchagua mara moja tu, akachagua udongo.

Mungu akasaidia. Mama Topista alichubuka goti na kiwiko. Awuor alipasuka kidogo kidevuni. Pikipiki ilivunjika kioo na taa. Vitunguu viliteremka mlima vyenyewe, na watoto wa shule waliokuwa wakipita wakaviokota na kuvirudisha vingi, jambo ambalo Mama Topista analihadithia hadi leo kuliko ajali yenyewe.

Sasa sikilizeni lile lililonifanya nimheshimu mwanamke huyu. Walipoikokota ile pikipiki hadi steji, watu walijaa. Bogere, chemani wetu, yaani mwenyekiti wa steji, Msoga wa Bugembe aliyezeekea Mbale, alimvuta kando karibu na jiko langu. Ni mtu mzuri, Bogere, na alikuwa anataka kumsaidia. Akamnong'oneza, akimwita "nyabo", yaani bibi:

"Nyabo, sema breki ilikata. Waya ikikatika hakuna wa kulaumu. Ukisema mkono, hawa wote watasema wanawake hawawezi hii kazi, na abiria watakimbia."

Awuor alikuwa ameshika kitambaa kidevuni, damu ikichuruzika. Alimtazama, kisha akageuka, akasema kwa sauti ambayo hata wa ng'ambo ya barabara waliisikia:

"Breki ni nzima. Mkono wangu ndio ulikufa ganzi. Nimekuwa nao hivyo tangu zamani na nikaendelea kubeba watu. Sitapanda tena mpaka nijue una nini."

Wengine walicheka. Mmoja alisema alijua tu itakuwa hivyo. Awuor aliikabidhi pikipiki kwa fundi, akampeleka Mama Topista kliniki, na huko akajitibisha na yeye.

Kliniki ile ilikuwa na mwanamke anayeitwa Gorreti, tabibu kijana, mpole, mwenye mikono ya baridi. Alimsafisha kidevu, kisha akamwambia akunje vifundo vyote viwili, migongo ya mikono itazamane, abaki hivyo. Haikupita dakika vidole vya kulia vikaanza kuwaka. Gorreti akamgeuza kiganja juu, akamgusa pale mkono unapoungana na kiganja.

"Hapa ndani kuna njia nyembamba," akasema. "Kano za vidole zinapita hapa, na mshipa wa fahamu unapita nazo. Ukikunja kifundo siku nzima, ukakaza, na injini inatetemesha, kano zinavimba. Mshipa unabanwa kama mtu katikati ya gunia mbili. Huo si upepo."

"Nitapona?"

"Umekuja kabla misuli ya gumba haijaanza kusinyaa. Pumzisha mikono, lala vifundo vikiwa vimenyooka. Ukiona ganzi haipungui, rudi, nitakuandikia uende hospitali kubwa. Lakini ukirudi kuendesha vile vile ulivyokuwa unaendesha, itarudi na yenyewe." Kisha akaongeza kwa uaminifu, "Mimi pikipiki sijui kuiendesha. Namna ya kuishika utamuuliza anayejua."

Vifaa vya kunyoosha vifundo havikuwepo kliniki wiki hiyo. Masinde akasikiliza maelezo, akaenda kwenye meza yake ya useremala, akapiga randa vibao viwili vyembamba kama rula, akavizungusha kwa flana ya zamani ili visimkwaruze. Kila usiku alimfungia mkewe vibao hivyo kwa vitambaa laini, si kwa kukaza, na kumuuliza, "Kidole kinasikia?" Mafundi wenzake walipomtania kwamba sasa anatengeneza mke badala ya vitanda, alisema mke ni fenicha ngumu kupatikana. Ni mtu wa maneno machache, Masinde, na hilo ndilo refu nililowahi kumsikia.

Wakati wa mapumziko hayo Awuor alikuwa anashinda kibandani kwangu. Hakuweza kukanda unga, akawa anapokea vikombe kwa mikono miwili. Nilimwonea huruma, mpaka nikagundua kwamba hakai tu. Anatazama. Alikuwa anawatazama waendeshaji wakifika.

"Hebu angalia," akaniambia siku moja. "Yule ameshuka, amekung'uta mkono. Na yule. Sasa mwangalie mwenye koti jekundu."

Nikaangalia. Wote walikuwa wanakung'uta mikono. Miaka yote niliyowauzia chai nilidhani ni mazoea ya vijana, kama kupiga mluzi.

"Yupo mmoja tu asiyekung'uta," akasema. "Afande."

Afande ni Mzee Ignatius. Zamani alikuwa mwanajeshi, mtu wa Teso, akipeleka barua za kambi kwa pikipiki. Baadaye akawa askari magereza mpaka akastaafu. Anaishi chini ya ukingo wa Wanale na ana pikipiki kuukuu inayonguruma kama simba mwenye mafua. Watu walimwogopa kidogo, kwa yale mambo ya jeshi na kwa sababu husema na kila mtu kana kwamba yuko gwarideni. Lakini alikuwa anashika kikombe changu cha moto kwa vidole viwili, bila kutetemeka hata kidogo, na umri wake ni wa babu.

Alipokuja kunywa chai Awuor alisimama kumsalimu.

"Afande, samahani. Mikono yako haifi ganzi?"

Mzee akamtazama kidevuni, pale penye kovu jipya. Habari alikuwa nayo. Mji mdogo huu.

"Leta pikipiki," akasema kwa Kiswahili chake cha kambini. "Kaa juu yake. Usiwashe."

Awuor akaileta, akakaa. Mzee akamzunguka mara moja. Akapiga kofi kwenye mkono wa klachi.

"Nani naweka hii hapa?"

"Ilikuja hivyo, afande."

"Ilikuja hivyo. Na wewe nakunja mkono kufuata yeye, kama mtu napokea soda juu ya dirisha. Funga macho. Nyoosha mikono mbele. Shusha polepole mpaka naguza usukani. Vidole nyoosha. Haya, fungua macho."

Awuor akafungua. Vidole vyake vilikuwa vimeelekea chini na mbele, vimenyooka na mikono yake. Vyuma vya klachi na breki vilikuwa juu zaidi, havikuwa kwenye njia ya vidole kabisa. Kumbe kila alipovishika alikuwa anavunja kifundo kwenda juu, maelfu ya mara, mwaka baada ya mwaka.

Mzee alichukua spana kwa fundi wa jirani, akalegeza nati, akazungusha mkono wa klachi ushuke, na wa breki pia, akakaza. Akavuta waya wa klachi, akasonya. "Kavu kama koo ya mfungwa." Akaomba mafuta, akautia matone mpaka ukalainika. Akatikisa injini, akazipata nati zilizolegea za kushikilia injini kwenye fremu, akazikaza. "Hii natetemesha wewe bure."

Kisha akamwambia ashike usukani kama anavyoushika kila siku. Awuor akashika.

"Aa! Wewe nakamata hii kitu kama nataka kuua yeye. Nani naambia wewe pikipiki iko mwizi?" Akavifungua vidole vyake kimoja kimoja. "Nyumbani una kuku? Shika yeye kama kifaranga. Yeye hapana toroka, na yeye hapana kufa."

"Na mlimani, afande? Nikishuka, uzito wote unakuja mikononi."

"Uzito si ya mikono. Magoti iko na kazi gani? Bana tanki na magoti. Kaa nyuma kidogo. Tumbo kaza. Mikono ni ya kuonyesha pikipiki njia, si ya kubeba wewe." Akazitazama glavu zake za ngozi. "Na hii toa. Hii ni pingu."

Nilikuwa nimeacha chapati ikaungua. Sijawahi kumsikia mzee yule akisema maneno mengi hivyo. Kabla ya kuondoka alimwambia jambo la mwisho kwa sauti ya chini, si ya gwarideni: kwamba kambini walikuwa wapeleka barua kadhaa, vijana wenye nguvu kuliko yeye, na wengine uzeeni hawawezi kufunga kifungo cha shati. "Walikuwa nakamata na nguvu," akasema. "Mimi nilikuwa mvivu."

Awuor hakurudi barabarani siku hiyo, wala wiki hiyo. Alingoja mpaka vidole vikaacha kumwamsha usingizini, kisha akarudi kwa Gorreti akapimwa tena. Ndipo akaanza kujizoeza bila abiria kwenye barabara tambarare, magoti yamebana, vidole vimelegea. Aliniambia ni vigumu kuliko kujifunza mara ya kwanza. Woga hukaa mikononi. Gari kubwa likikupita, vidole hukaza vyenyewe, na wewe inabidi uviambie viachie, mara hii na mara nyingine na mara nyingine tena.

Siku aliyorudi steji wapo waliomtania. Abiria walimpita. Jua lilipanda, wenzake wakaenda na kurudi, yeye amekaa na kofia mapajani. Nilimpelekea chai, akaikataa. Halafu tukaona Mama Topista anashuka kwenye gari la abiria upande wa pili, na mifuko yake mitupu begani. Alivuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia, kama kawaida yake, akasimama mbele ya Awuor.

"Mkono?"

"Unasikia, mama. Lakini nilitaka nipande kwanza peke yangu, nishuke peke yangu, ndipo—"

"Mwanangu, wote hawa wananidanganya kwamba breki zao ni nzima. Wewe umeniambia mkono wako ni mbovu. Nitapanda na nani?" Akajipandisha nyuma, pikipiki ikazama. "Twende. Na ukiona mbuzi, mpishe."

Walipanda. Katikati ya mlima, penye mti wa mwisho kabla ya kona kali, Awuor alisimama, akazima injini, akashuka. Alifungua na kufunga viganja, akanyoosha mkono mbele na kuvuta vidole taratibu kwa mkono mwingine, akazungusha mabega. Mama Topista aliuliza kama ni maombi. Awuor akasema karibu na hayo. Wakarudi na gunia salama, na kuanzia hapo abiria walirudi, mmoja mmoja, kama kuku wanaorudi bandani.

Lakini sitaki mdhani kila kitu kilirudi kama zamani. Ncha ya kidole chake cha shahada haijarudi yote. Akishika uzi wa kushonea anaona kama una kitambaa juu yake. Na safari amezipunguza. Zamani alikuwa hasemi hapana kwa mtu. Sasa akihisi vidole vinaanza kusinzia anashuka, hata kama mteja yupo mbele yake na mteja huyo ataondoka na mwingine. Nimemwona akiwaacha waende. Kwa mtu wa bodaboda hicho ni kitu kigumu kuliko kufunga saumu.

Kisha likaja la Bogere. Asubuhi moja nilikuwa nawasha jiko, steji haijajaa, Awuor amefika mapema. Bogere alikuja, akasimama, akasema habari za mvua, akasema habari za mpira, akasema habari za mvua tena. Mwishowe akaweka mkono wake wa kulia mezani kwangu, kiganja juu. Ule uvimbe wa nyama chini ya kidole gumba, ambao kila mtu anao, kwake ulikuwa umebonyea kama godoro la zamani.

"Nyabo," akasema, "tangu mwaka juzi siwezi kufungua soda. Nyumbani nawaambia watoto wanifungulie, nasema nawafundisha adabu."

Ndiyo maana alikuwa amemnong'oneza aseme breki. Awuor hakumkumbusha hilo. Hakucheka, na mimi nikainamia jiko langu. Alichosema ni, "Chemani, huu haungoji. Wewe huanzii kwa spana, unaanzia kwa Gorreti. Twende sasa hivi, nitakubeba mimi." Na chemani wa steji akapanda nyuma ya mwanamke, mchana kweupe, akavuka Namakwekwe nzima. Gorreti alimwandikia hospitali kubwa, akafanyiwa upasuaji mdogo wa kifundo. Soda bado zinamshinda, lakini haamki tena usiku, na shati anajifungia mwenyewe.

Alipopona alitoa amri. Bogere akitoa amri hupenda kusimama juu ya kreti ya soda. Alisema pikipiki yoyote ya steji hii itapangwa upya vyuma vya mikono kwa kipimo cha mwenye nayo, nyaya zitiwe mafuta, na anayeficha ganzi atasimamishwa kama anayeficha ulevi. Wakamtaka Awuor awaonyeshe. Mwanzoni aliona haya. Alimwomba Mzee Ignatius aje, mzee akakataa: "Mimi nilifundisha mtu moja. Sasa ni kazi ya yeye." Basi akawaonyesha. Waliokuwa wakimcheka wakakaa juu ya pikipiki zao wamefumba macho na mikono mbele, wanaume wazima, na wapita njia wakasimama kutazama kuna kanisa gani jipya.

Habari zilifika Bugembe kupitia ndugu zake Bogere. Bugembe ipo barabara ya Jinja na Iganga, malori ya Kenya yanapita pale mchana kutwa, na waendeshaji wa pale hukimbizana nayo. Wakamwalika. Awuor aliamua kwenda kwa pikipiki yake mwenyewe, njia yote ya Tirinyi mpaka Iganga mpaka Bugembe, safari ambayo kabla ya hapo asingeithubutu. Bogere alikaa nyuma. Alinihadithia aliporudi, na tangu hapo amenihadithia mara nyingi, kila mara akiongeza kitu, kwa hiyo nitasema yale tu ambayo hayajabadilika.

Awuor alisimama mara nyingi njiani: mashamba ya mpunga, Namutumba, Iganga. Bogere alichoka na kusimama. "Tutafika kesho," akalalamika. Awuor akamjibu, "Tutafika tukiwa na mikono." Walipoingia Bugembe, waendeshaji walimsalimu Bogere, wakamuuliza mwalimu yuko wapi, maana walidhani huyu mwanamke ni dereva wake tu. Kulikuwa na kijana mmoja mwenye shingo nene, Matia, aliyekuwa amevaa mnyororo. Akasema kwa sauti:

"Nimeendesha tangu sijaota ndevu. Huyu atanifundisha kushika pikipiki?"

"Sifundishi kushika," Awuor akamwambia. "Nafundisha kuachia. Simama hapo, ndugu yangu, nikukunje vifundo kidogo."

Akamkunjisha vile Gorreti alivyomkunjisha yeye. Matia alisimama na tabasamu lake. Wenzake walikuwa wakimtazama. Tabasamu likaanza kupungua upande mmoja, kisha lote. Akaachia mikono, akaikung'uta. Akajishtukia anaikung'uta.

"Ni upepo," akasema.

Hakuna aliyecheka, Bogere anasema, kwa sababu karibu wote walikuwa wanatazama mikono yao. Lori likapita na vumbi lake, kisha Matia akauliza kwa sauti ya mtu wa kawaida, "Spana ni namba ngapi?"

Walifanya kazi mpaka jua likaelekea kutua upande wa Jinja, pikipiki baada ya pikipiki, Awuor akipima, wao wakilegeza na kukaza. Waliomuuliza sana aliwaambia wazi kwamba yeye si daktari, na wawili aliwataka waende hospitali kesho yake bila kungoja. Mama mmoja mwenye kibanda cha sambusa alimletea sahani, akamtazama jinsi anavyokula, akamuuliza yeye ni mtu wa wapi anayesema Kiswahili kizuri namna hiyo. Awuor akamwambia, "Wa Namakwekwe."